Uhaba wa madaktari bingwa nchini Tanzania

Uhaba wa madaktari bingwa nchini Tanzania ni hali ya idadi ya madaktari waliobobea katika fani fulani ya tiba, kama vile moyo, saratani, mifupa au usingizi, kutotosheleza mahitaji ya wagonjwa. Matokeo yake ni wagonjwa kusubiri muda mrefu kabla ya kuonana na bingwa au kufanyiwa upasuaji.

Sababu

Kuandaa bingwa huchukua muda. Mwanafunzi husomea shahada ya udaktari kwa miaka 5, hufanya kazi mwaka 1 akiwa daktari tarajali, kisha husomea shahada ya uzamili kwa miaka 3 au zaidi. Hivyo anayeanza chuo leo hawezi kuwa bingwa kabla ya miaka 9.

Mabingwa pia wamejikusanya mijini. Taasisi za kitaifa za mifupa (MOI), moyo (JKCI) na saratani (Ocean Road) zote ziko Dar es Salaam. Hospitali za kanda, kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, huhudumia mikoa kadhaa kila moja.

Namna foleni inavyojengeka

Kwa utaratibu wa rufaa, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akapanda hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda hadi ya taifa. Akifika kwa bingwa husubiri tena vipimo, majibu na nafasi ya upasuaji. Daktari wa upasuaji akiwepo lakini wa usingizi akikosekana, foleni haisogei.

Athari

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata wanawake wengi nchini, hutibika vizuri ikigunduliwa mapema. Kila mwezi wa kusubiri huipa nafasi ya kuenea. Mgonjwa anayetoka Kigoma au Rukwa hubeba pia gharama za nauli, malazi na ndugu wa kumuuguza.

Juhudi

Serikali hufadhili masomo ya ubingwa, na mwaka 2024 ilipeleka timu za mabingwa katika hospitali za halmashauri. Kambi hizo huwafikia wagonjwa walio mbali na kuwapa ujuzi madaktari wa huko. Hata hivyo, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo huhitaji kuonwa mara kwa mara, hata baada ya kambi kufungwa.