London na Bei ya Moshi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama tozo ya foleni aliyoianzisha Meya Ken Livingstone Februari 17, 2003, ambapo dereva alilipa paundi 5 kuingia katikati ya London siku za kazi. Kusudi lake lilikuwa kupunguza wingi wa magari. Juma hili tunaingia kwenye tozo nyingine kabisa, inayouliza gari lako linatoa moshi wa namna gani, na ambayo imewagombanisha wakazi wa jiji lile kuliko ile ya kwanza.

Tozo hii ilianza Aprili 8, 2019, chini ya Meya Sadiq Khan. Gari dogo lisilofikia kiwango cha usafi linatozwa paundi 12.50 kwa siku, usiku na mchana, wiki nzima, isipokuwa Krismasi. Mwanzoni ilihusu eneo la katikati peke yake. Oktoba 25, 2021 mpaka ukasogezwa hadi kwenye barabara kuu mbili zinazolizunguka jiji kaskazini na kusini, na Agosti 29, 2023 ukafika pembezoni kabisa mwa London.

Hakuna geti wala mlinzi wa kukusimamisha. Kamera iliyofungwa juu ya nguzo husoma namba za gari, mtambo ukazilinganisha na kumbukumbu za usajili, ukajua hiyo ni injini ya aina gani na ya mwaka gani. Ni juu ya mwenye gari kukumbuka kulipa, na mwisho ni saa sita usiku, siku ya tatu baada ya safari inapoisha. Akisahau, barua ya faini ya paundi 180 inamfuata nyumbani, inayoshuka hadi 90 akilipa ndani ya siku 14. Siku yenyewe huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeendesha kwenda kazini saa nne usiku na kurudi nyumbani saa kumi na mbili asubuhi amegusa siku mbili, kwa hiyo anadaiwa paundi 25 kwa zamu moja. Jambo hilo dogo la kalenda linaeleza sehemu kubwa ya manung'uniko ya wauguzi, wapishi na wafagizi.

Lakini tusiwatazame wanaolipa tu. Moshi una wahanga wake, na mmoja wao anajulikana kwa jina. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa mtoto wa miaka 9, mkazi wa Lewisham, kusini-mashariki mwa London, nyumba yao ikiwa karibu mno na ile barabara kuu ya mzunguko wa kusini. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitali karibu mara 30 katika miaka yake ya mwisho, akafariki Februari 2013. Mama yake, Rosamund, hakukubali yaishie hapo. Alipigania uchunguzi wa kwanza wa kifo ufutwe na ufanywe upya, na Desemba 2020 ofisa mchunguzi wa vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza uchafuzi wa hewa kutajwa rasmi kuwa miongoni mwa sababu za kifo cha mtu. Baada ya tamko lile, ni vigumu kwa yeyote kudai kwamba moshi wa gari lake ni mambo yake binafsi.

Kwa hiyo sina shaka kwamba kuutoza moshi ni haki. Shaka yangu ni juu ya deni la serikali kwa watu wale wale wanaotozwa, na hapa lazima turudi nyuma miaka ishirini na zaidi.

Mwaka 2001 Uingereza ilibadili kodi ya mwaka ya magari, ikaifunga kwenye kiasi cha hewa ya ukaa kinachotolewa na gari. Injini ya dizeli hutumia mafuta kidogo kwa kila kilomita, hivyo hutoa hewa ya ukaa kidogo kuliko ya petroli. Watu walisoma kodi hiyo kama ushauri, na kwa kweli ulikuwa ushauri. Mwaka 2000 dizeli ilikuwa takriban asilimia 14 ya magari mapya madogo yaliyouzwa nchini humo. Muongo mmoja baadaye ilikuwa karibu nusu. Kilichoachwa pembeni ni kwamba dizeli hutema kwa wingi naitrojeni dioksaidi na chembe za masizi, vitu viwili vinavyochokoza mapafu. Septemba 2015 ikafichuka nchini Marekani kwamba Volkswagen ilipachika programu ya kudanganya vipimo vya moshi, na kampuni ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Hata mnunuzi makini aliyesoma vipimo vya karatasi alikuwa amedanganywa.

Sasa tazama kanuni ya London inavyowaangukia wanunuzi hao. Gari la petroli likiwa limesajiliwa tangu mwaka 2006, kwa kawaida linapita bure. La dizeli, kwa kawaida, ni lile lililosajiliwa kuanzia Septemba 2015. Maana yake ni kwamba mwaka 2023 mwenye petroli ya miaka 17 alipita kimya, huku mwenye dizeli ya miaka 9, iliyonunuliwa kwa kufuata kodi ya serikali, akilipa kila siku aliyoliendesha. Kisayansi kanuni hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu mapafu hayajali nani alimshauri nani. Kisiasa ilikuwa kisu, na walioshikishwa makali ni wa kipato cha chini pembezoni mwa jiji, ambako mabasi ni machache na treni za chini ya ardhi hazifiki kila mtaa.

Jiji lilijua hilo. Lilitenga fedha za kuwafidia watu wapeleke magari yao machafu yakavunjwe, hadi paundi 2,000 kwa gari dogo, na mfuko huo ukakua kutoka paundi milioni 110 hadi 160. Ila mwanzoni ulikuwa kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali, walemavu na wafanyabiashara wadogo. Mlango ulifunguliwa kwa kila mkazi wa London Agosti 21, 2023, siku nane tu kabla ya tozo kufika pembezoni. Kabla ya hapo, Julai 20, chama cha meya kilikuwa kimeshindwa kwa kura 495 kutwaa kiti cha ubunge cha Uxbridge, pembezoni mwa London, na wengi wakaitaja tozo kuwa ndiyo sababu. Halmashauri tano zilikwenda mahakamani zikashindwa. Kamera zilikatwa nyaya na kung'olewa usiku. Naamini sehemu kubwa ya hasira ile ingezuilika kama fidia ingetangulia kwa mwaka mzima, na bili ikafuata.

Matokeo, hata hivyo, yapo. Kwa takwimu za jiji lenyewe, mwaka 2017 ni asilimia 39 ya magari yaliyotimiza kiwango. Mwaka mmoja baada ya upanuzi wa mwisho yalizidi asilimia 96. Mwaka 2024 London ilikuwa ndani ya kikomo cha kisheria cha naitrojeni dioksaidi kwa mara ya kwanza, yaani maikrogramu 40 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri 10, kwa hiyo safari bado ndefu.

Na magari yaliyokimbia tozo? Yaliyopelekwa kwenye mpango wa fidia yalivunjwa, au baadaye yakaruhusiwa kutolewa msaada kwa Ukraine. Mengine yaliuzwa tu. Uingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani wao unafaa katika barabara zetu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania inatoza ushuru zaidi kwa gari kuukuu lakini hailizuii. Sheria zote tatu zinahesabu umri. Kamera ya London ilitazama kiwango cha injini, na ndiyo maana iliweza kuitofautisha petroli kuukuu na dizeli iliyo changa kuliko hiyo.

Juma lijalo tutakwenda Milan, iliyoanza kutoza moshi mwaka 2008 na kufika 2012 ikalazimika kuyatoza karibu magari yote, kwa sababu yalikuwa yameshakuwa safi lakini foleni bado ipo pale pale.