Akili ya mwanadamu na ulimwengu: Fumbo lipi gumu zaidi?

USIKU usio na mbalamwezi, anga ya Banissa katika Kaunti ya Mandera hujaa nyota kwa wingi ambao mkazi wa Nairobi hajauzoea. Taa za umeme ni chache na hewa ni kavu. Isitoshe, eneo hilo liko takriban nyuzi nne tu kaskazini mwa ikweta, hivyo mchungaji aliyekesha na ngamia wake aweza kuziona nyota za kaskazini na za kusini mwa dunia.

Mchungaji huyo amezungukwa na mafumbo mawili. Moja limetanda juu ya kichwa chake, jingine limo ndani ya fuvu lake. Wataalamu wamejiuliza kwa muda mrefu ni lipi lililo gumu zaidi kufumbua.

Kwa hesabu, mafumbo haya yanakaribiana. Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takriban kilo 1.4 na chembe za neva zipatazo bilioni 86. Galaksi yetu, ambayo jua ni nyota mojawapo ndani yake, inakisiwa kuwa na nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400.

Mnamo 2020, Waitaliano wawili, mtaalamu wa falaki Franco Vazza na daktari wa upasuaji wa ubongo Alberto Feletti, walilinganisha picha za vipande vya ubongo na mfano wa kompyuta wa jinsi galaksi zilivyosambaa angani. Waligundua kuwa mitandao hiyo miwili inafanana kwa namna ya kushangaza: mafundo yaliyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na kati yake nafasi kubwa.

Hata hivyo, kufanana kwa sura si kufanana kwa asili. Galaksi huvutwa pamoja na nguvu za uvutano, ilhali chembe za ubongo hukua, hupashana habari na kubadilika mtu anapojifunza. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba ulimwengu unafikiri.

Kuhusu ulimwengu, wanasayansi wanajua umri wake, takriban miaka bilioni 13.8. Lakini wanakiri kuwa vitu vyote tunavyoviona, nyota na sayari zikiwemo, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo. Takriban asilimia 27 ni maada isiyoonekana, na asilimia 68 iliyosalia ni nishati ambayo asili yake haijafahamika.

Kenya ina sehemu yake katika historia ya uchunguzi huo. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei angani, na ilisaidia kupata ushahidi wa awali wa kuwepo kwa mashimo meusi.

Akili nayo imekuwa ngumu kwa namna yake. Daktari aweza kuonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi mtu anapoogopa, lakini hawezi kueleza jinsi nyama na damu zinavyogeuka kuwa hisia ya woga. Mnamo 1998, mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba jibu lingepatikana katika miaka 25. Mwaka 2023 Koch alikubali kuwa ameshindwa.

Ugumu huu una sababu. Anayechunguza nyota hutumia akili kuchunguza kitu kingine. Anayechunguza akili hana chombo kingine ila akili hiyo hiyo.

Wafugaji wa kaskazini, kwa upande wao, waliyakutanisha mafumbo haya zamani. Msomi Asmarom Legesse, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1973, alieleza kalenda ya Waborana yenye miezi 12, siku 354 na majina 27 ya siku. Wajuzi wao, waitwao ayyantu, huilinganisha kalenda hiyo kwa kutazama mwezi na nyota, Kilimia ikiwemo. Hufanya hivyo bila darubini, wakitegemea kumbukumbu.

Lakini mafumbo haya hayalingani kwa gharama. Nyota isiyoeleweka haimdhuru mtu. Akili isiyoeleweka humfanya mgonjwa afungwe minyororo, asingiziwe mapepo au afichwe na jamaa zake kwa aibu. Hadi hivi majuzi, hata sheria ya Kenya ilimtazama aliyejaribu kujitoa uhai kama mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 9, 2025.

Uamuzi huo haukusubiri wanasayansi waeleze akili ni nini. Ulihitaji tu kukubali kuwa akili huugua kama viungo vingine. Katika maeneo kama Banissa, ambako ukame na mapigano ya kijamii yamewaachia wengi majonzi, na ambako daktari wa maradhi ya akili yuko mbali, ukweli huo ndio wa kutangulizwa. Siri za nyota zaweza kusubiri karne nyingine. Mgonjwa aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba hawezi.