Kifaa Kinachoamsha Misuli ya Kiuno

Wagonjwa wenye maumivu sugu ya kiuno wanaposikia habari za "mashine ya mgongo", huchanganya vifaa viwili tofauti. Vyote hupandikizwa chini ya ngozi, vyote vina betri na nyaya nyembamba zinazopeleka umeme kwenye neva. Kimoja hulenga kuzima taarifa za maumivu. Kingine hulenga kurudisha kazi ya msuli uliolala.

Cha kwanza ni cha zamani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita katikati ya mifupa ya mgongo, ishara za maumivu zinaweza kuzuiwa kabla hazijafika kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye daktari Norman Shealy wa Marekani alimpandikiza mgonjwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo. Kwa maumivu ya mgongo, ushahidi wake umekuwa ukipungua uzito. Mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha majaribio ya wagonjwa 50 waliobaki na maumivu yanayoshuka mguuni baada ya upasuaji wa mgongo. Kifaa kilipowashwa na kilipozimwa bila wao kujua, uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku haukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Cha pili kinaanzia kwenye multifidasi, misuli mifupi ya ndani inayoshika pingili za mgongo zisiyumbe tunapoinama au kugeuka. Kiuno kikiumia, mwili hupunguza amri zinazokwenda kwenye misuli hiyo. Hali ikidumu, hunywea na mafuta huingia mahali pa nyama. Mwaka 1996 watafiti wa Queensland, Australia, walionyesha kwamba maumivu ya kiuno ya mara ya kwanza yanaweza kuisha huku misuli hii ikibaki imenywea, isipokuwa kwa waliopewa mazoezi maalumu. Katika mwaka uliofuata, asilimia 84 ya wasiopewa mazoezi hayo waliumwa tena. Kwa waliopewa, ni asilimia 30.

Ndipo kampuni ya Mainstay Medical ya Dublin ikatengeneza ReActiv8, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2020. Nyaya mbili, kulia na kushoto, huwekwa penye tawi la neva linalopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Mgonjwa hulala kifudifudi au kwa ubavu, anawasha kifaa dakika 30, mara mbili kwa siku, na kuhisi misuli ikikaza na kulegea. Nafuu, inapokuja, huja kwa miezi.

Je, inakuja kweli? Katika majaribio makuu, watu 204 walipandikizwa kifaa. Nusu walipewa umeme wa kutosha, nusu umeme hafifu mno. Baada ya siku 120, asilimia 57 ya kundi la kwanza walikuwa wamepunguza maumivu kwa angalau asilimia 30 bila kuongeza dawa. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 47. Kwa kipimo hicho kikuu, tofauti haikutosha kuthibitisha kazi ya kifaa. Nashikilia takwimu hizi kwa sababu mara nyingi wagonjwa huonyeshwa tu matokeo ya miaka iliyofuata, ambayo ni mazuri sana lakini hayana kundi la kulinganisha. Majaribio ya baadaye ya watu 203 yaliwaonyesha waliopandikizwa wakiwazidi sana waliobaki na matibabu ya kawaida. Ila kila mmoja alijua amepewa nini, na matumaini nayo hupunguza maumivu.

Naamini kifaa hiki kinawasaidia baadhi ya watu: wale ambao misuli yao imethibitika kulegea, ambao tatizo lao si neva iliyobanwa wala la kuhitaji upasuaji, na ambao dawa na fiziotherapia zimeshindwa. Lakini takriban watu 4 kati ya 100 katika majaribio yale makuu walipata madhara makubwa ya kifaa au upasuaji wake, hasa maambukizi penye betri.

Neno "zimeshindwa" lipimwe kwa haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unatanguliza elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Mgonjwa aliyepewa karatasi yenye michoro na kuambiwa akajaribu nyumbani bado hajafanyiwa fiziotherapia. Anahitaji mtaalamu wa kumshika kiuno, kuhisi kama msuli unaitika, na kumrekebisha wiki baada ya wiki, kabla mtu yeyote hajamzungumzia habari za kisu.