Uzi wa Mkonge na Uzi wa Pamba
Wilaya ya Kilosa, ambamo mji wa Mikumi umo, inajulikana kwa mazao mawili ya nyuzi: mkonge, uliolimwa tangu zamani Kimamba na Rudewa, na pamba, iliyotafitiwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ilonga. Singa, yaani nyuzi zinazokwanguliwa kutoka jani la mkonge, hukaribia urefu wa mita 1, lakini ni ngumu na hukwaruza, hivyo hufaa magunia na mazulia, wala hakuna msokoto utakaozifanya zifae shati. Nyuzi za pamba, zenye sentimita 3 hivi, hazina budi kusokotwa ili zishikane. Na kwa kuwa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ndio unaobeba mkazo wakati wa kufuma, husokotwa zaidi kuliko mshindio unaoukatiza, ambao ukiachwa laini hunyonya jasho vizuri.