Leseni ya Muuza Mitumba na Daftari Lake

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine, na ambalo aghalabu huletwa na mtu aliyekwisha kutozwa faini kuliko yule anayejihadhari nayo, ni hili: mtu akinunua robota la nguo Mwanza, akalishusha Bukoba, akalifungua katika kibanda chake cha Kashai, kisha siku ya gulio akayabeba masalio yake hata Muleba, je, ahitaji leseni ngapi? Jawabu lake si fupi, maana barabara ile ambayo msafiri huiona moja hupita katika himaya tatu: Manispaa ya Bukoba, ambayo ndiyo mji wenyewe, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, ambayo Kemondo imo ndani yake, na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, yenye Kamachumu, Nshamba na visiwa vyake vya ziwani. Kila moja ina ofisa biashara wake, hazina yake na sheria zake ndogo, na leseni iliyotolewa na moja haimkingi mwenye duka katika nyingine.

Msingi wa hayo ni Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, Sura ya 208, ambayo imeifunga leseni kwa mtu, kwa aina ya biashara na kwa mahali. Basi mwenye duka Bukoba na jingine Muleba mjini hana budi kuwa na leseni mbili, hata kama bidhaa zimetoka katika robota moja na faida inaingia katika mfuko mmoja. Leseni zenyewe zimegawanywa makundi mawili. Kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na humo ndimo anamoingia mwenye kuagiza makontena kutoka ng'ambo. Kundi B ni la halmashauri, na humo wamo karibu wote wanaouza suruali, viatu, redio na vitanda vilivyokwisha kutumika.

Njia ya kuipata haina ugumu unaosimuliwa vibarazani. Mwombaji hupata kwanza namba ya mlipakodi, TIN, kwa Mamlaka ya Mapato, akakadiriwa kodi yake na kupewa cheti cha kutodaiwa. Huonyesha kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango. Akipenda biashara iitwe kwa jina lisilo lake mwenyewe, huliandikisha BRELA. Kisha ombi hupitishwa mtandaoni katika mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, hutolewa namba ya malipo, na fedha zikiisha kulipwa leseni hutoka, nayo sharti itundikwe mahali inapoonekana. Kinachowakwamisha wengi ni pango. Kibanda hupangishwa kwa mtu wa kwanza, naye akampangisha wa pili kwa maneno matupu, na wa pili akamwachia shemeji yake, hata anayeketi humo leo hana karatasi yoyote yenye jina lake. Nimeona ombi likilala miezi kwa sababu hiyo tu, ilhali ada ya leseni imo mfukoni mwa mwombaji tangu siku ya kwanza.

Ama yule wa gulio, mambo yake ni mengine. Ushuru anaolipa asubuhi anapotandaza turubai lake ni malipo ya nafasi, na stakabadhi yake hufa jua linapokuchwa. Si leseni, na anayeionyesha kana kwamba ni leseni hujidanganya kwa hiari. Serikali imejaribu zaidi ya mara moja kumtafutia mchuuzi mdogo hati inayomfaa. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyozaliwa mwaka ule ule wa msako wa wahujumu uchumi, ilileta leseni za wachuuzi ambazo wazee wa Bukoba wangali wakiziita kwa jina la sheria hiyo. Na Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali, kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayafiki milioni 4. Utaratibu wa vitambulisho umebadilishwa tangu hapo, lakini shabaha imebaki ile ile: kumtambua mchuuzi bila kumtwisha mzigo wa mwenye duka.

Hapo ndipo penye jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Leseni humjua mtu, hujua mahali na hujua kodi; haijui koti hili limetoka wapi. Kwa nguo hasara ya kutojua huko ni ndogo. Zamani watu walikuwa wakiziita kafa Ulaya, wakidhani ni za marehemu wa huko, na jina hilo la kejeli lilitosha kuwa hati ya asili yake. Marufuku iliyopo ni ya nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, ambayo Shirika la Viwango, TBS, limeiweka kwa ajili ya afya. Hata azimio la wakuu wa Afrika Mashariki la mwaka 2016, kwamba mitumba ikome kuingia ifikapo 2019, lilikuwa na shabaha ya kuvilinda viwanda, nalo likafifia baada ya wauzaji wa Marekani kulalamika kwa serikali yao. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru.

Lakini simu, spea ya pikipiki, betri ya sola, bati na nondo havikufa Ulaya. Vimetoka mtaa wa pili. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, nguvu yake 5.9, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na pande zake, kila mlango uliolala kifusini ulikuwa na mwenyewe, na mnunuzi wa mlango uliotumika hakuwa na namna ya kumjua mwenyewe ila kwa kuuliza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 311, humtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Na mbele ya hakimu, leseni iliyotundikwa ukutani haijibu swali la sababu ya kuamini. Bei ya nusu, muuzaji asiyetaka kutaja jina, saa ya usiku: hizo ndizo sababu zenyewe.

Wenzetu wameliona hili mapema. Kenya ilitunga sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015, na Januari 2022 ikaisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa, nguzo za umeme zilipokuwa zikifumuliwa. Uingereza mwaka 2013 ilikataza chuma chakavu kulipiwa fedha taslimu, ili kila senti iache alama. Sioni kwamba duka la redio la Rwamishenye, Bukoba, lahitaji ukali huo. Lahitaji daftari.

Daftari hilo ni la kawaida, la shilingi chache, lenye mistari. Akija mtu na simu, iandikwe tarehe, jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, bei, na namba ya tarakimu 15 inayojitokeza simu ikibonyezwa *#06#. Kwa pikipiki iandikwe namba ya chesisi na ya injini, na kadi ionekane kabla ya fedha kutoka. Kwa bati na mbao itoshe kutaja nyumba zilikotoka na mtaa wake. Kisha muuzaji atie sahihi, au dole gumba ikiwa hajui kuandika. Asiyetaka kutia sahihi achukue kitu chake na kwenda zake, na mwenye duka asione haya kumwambia hivyo, hata kama ni mwana wa jirani, hata kama kitu chenyewe ni kizuri na bei yake inavutia mate.