Kufuata treni ya mizigo: Kwa nini picha ya leo ni kumbukumbu ya kesho

MKAZI wa Mkongo, mkoani Pwani, anaujua Mto Rufiji, anakijua kivuko cha kwenda Utete na anaijua barabara inayotoka Kibiti kuelekea Mloka. Asichokizoea kijijini kwake ni honi ya treni, kwa kuwa reli haikuwahi kufika huko.

Hata hivyo, bonde la mto huo lina reli. Kuelekea magharibi, ile ya TAZARA inakatiza nyika za Fuga, Matambwe na Kisaki, kisha inafika Kidatu, penye Mto Ruaha Mkuu. Maji ya mto huo huingia Rufiji na hatimaye hupita Mkongo yakielekea baharini. Hivyo, anayetaka kuiona na kuipiga picha treni ya mizigo ya mashambani hana budi kupanda na bonde hadi huko.

Wapo watakaouliza faida ya kuhangaika na mabehewa ya shaba, mbolea au saruji. Jibu linapatikana Mtwara. Reli iliyojengwa huko kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa. Kwa vijana waliozaliwa baadaye, picha za zamani ni miongoni mwa mashahidi wachache kwamba treni ilipita katika nchi yao.

Nchini Marekani, mpiga picha O. Winston Link alilitambua hilo mapema. Kati ya mwaka 1955 na 1960 aliifuata reli ya Norfolk and Western wakati vichwa vyake vya mvuke vikiondolewa, ikiwa ni pamoja na treni ndogo ya tawi la Abingdon, jimboni Virginia, iliyobeba mizigo na abiria. Leo picha hizo zinahesabiwa kuwa hazina ya historia.

TAZARA nayo imo katika kipindi cha mabadiliko. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wenye uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4, kwa ajili ya kuifufua. Ni habari njema kwa uchumi, lakini reli inapokarabatiwa, sura yake ya zamani huondoka.

Mahali pa kusubiri

Ugumu wa kwanza kwa mpiga picha ni muda. Treni ya abiria ina ratiba inayotangazwa, ilhali ile ya mizigo huondoka mzigo ukiwa tayari, kichwa kikipatikana na njia ikiwa wazi. Kwa sababu hiyo, mtu wa maana kuliko kamera ni msimamizi wa stesheni, anayejua treni ipi imeachiwa kutoka stesheni ya jirani.

Jambo la pili ni kwamba njia ni moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana popote, bali kwenye stesheni zenye njia ya ziada, ambako moja husimama kusubiri nyingine. Anayeifahamu kanuni hii hafukuzani na treni. Huichagua stesheni ya kupishania na kungoja.

Kwa anayetaka kuifuata kwa gari, kipande kinachofaa ni kile cha Kidatu hadi Ifakara, kupitia Mang'ula, ambako barabara na reli huongozana chini ya Milima ya Udzungwa. Mwendo wa treni si mkali, kwa hiyo gari linaweza kuitangulia bila dereva kuvunja sheria za barabarani. Asubuhi jua huiangaza milima hiyo kutoka mashariki, hivyo anayesimama upande wa mashariki wa reli huipata treni na milima kwa pamoja.

Huko Fuga mambo ni tofauti. Njia imeelekea magharibi, kwa hiyo treni inayokwenda Dar es Salaam huangazwa usoni asubuhi, na ile inayokwenda Zambia huangazwa alasiri. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na kivuli huficha magurudumu. Fuga ina historia yake: wakati wa ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, mizigo ya mradi ilishushwa katika stesheni hiyo.

Tofauti ya vidole vinne

Kidatu pana jambo jingine la kuangaliwa. Hapo ndipo inapoishia reli ya tawi, yenye urefu wa kilomita 108, inayotoka Kilosa kwenye Reli ya Kati na kupitia Mikumi. Tawi hilo lilijengwa katika miaka ya 1960, kabla ya TAZARA kuwapo.

Reli hizo mbili zinakutana lakini haziungani. Ile ya tawi ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa vidole vinne, lakini inatosha kulizuia behewa lisivuke, na mzigo hulazimika kuhamishwa. Picha moja ya njia hizo mbili inaeleza tatizo hilo kuliko kurasa nyingi za ripoti.

Kibali na usalama

Mpiga picha hapaswi kusahau kwamba reli ni miundombinu nyeti. Sheria ya mwaka 1969 kuhusu maeneo yanayolindwa inaipa serikali uwezo wa kuzuia watu kuingia sehemu fulani bila ruhusa, na madaraja makubwa huwa na walinzi. Ni busara kuomba kibali cha mamlaka ya reli kabla ya safari, na kile cha hifadhi kwa anayeingia katika maeneo ya wanyamapori.

Kusimama juu ya reli ni hatari isiyo na faida. Treni ya mizigo iliyosheheni huweza kuhitaji umbali wa kilomita nzima au zaidi ili isimame, na dereva aliyemwona mtu mbele yake hana usukani wa kumkwepa.

Picha ikishapigwa, iandikwe tarehe, jina la stesheni, namba ya kichwa cha treni na mzigo uliobebwa. Bila maelezo hayo, miaka 50 ijayo mtazamaji ataona treni tu, asijue ilikuwa wapi, lini wala ilibeba nini.