Umeme unaporudi, msumeno usijiwashe
UMEME unapokatika ghafla katika karakana za useremala za Kilosa na Mikumi, hatari haiishi. Huanza upya pale unaporejea.

Chanzo ni swichi ya kawaida ya ukutani. Ikisahauliwa bila kuzimwa, msumeno wa umeme huanza kuzunguka wenyewe, hata kama fundi ameinama kuondoa ubao ulionasa.

Kinga yake ni kontakta, kifaa kinachoshikiliwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika huachia, na mashine haiwaki hadi kitufe kibonyezwe upya.

Kwenye njia hiyo hiyo huunganishwa kitufe chekundu cha dharura, ambacho kikibonyezwa hujifunga. Kiwekwe mahali pa kufikiwa bila kupitisha mkono juu ya meno ya msumeno. Hata hivyo, hukata umeme tu. Msumeno huendelea kuzunguka kwa muda.

Mashine za kukata kwa leza huhitaji zaidi swichi ya mfuniko, inayozima mwali mfuniko ufunguliwapo, kwa kuwa mwali wa leza ya kaboni dayoksaidi hauonekani kwa macho.

Wakati wa matengenezo, kitufe hakitoshi: swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi dhidi ya hatari za mashine. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyefuzu; wilayani Kilosa, mafunzo ya ufundi stadi hutolewa katika Chuo cha VETA Mikumi.